Njia Haikuwa Fupi

Ndege ikipitiliza njia ya kurukia na kuishia majanini, baharini au korongoni, maelezo hupatikana kabla moshi haujatulia. Uwanja ulikuwa mfupi. Mvua ilikuwa kubwa. Lami iliteleza. Mwishowe anatokea mtu wa kusema ajali haina kinga, na mazungumzo yanafungwa hapo. Lakini ndege ikikaribia kutua, kisha injini zikanguruma ghafla na ndege ikarudi angani, watu wale wale waliokuwa wapole kwa ajali wanageuka kuwa wakali. Rubani hajui kazi. Shirika limeajiri watoto. Video zinasambaa kwenye simu kabla abiria hawajachukua mizigo yao, na kesho yake gazeti lina kichwa cha habari kwamba ndege imeshindwa kutua.

Upole ule na ukali huu vinatoka kwenye fikra moja: kwamba kazi ya rubani ni kutua, na kwamba kinachoweza kumharibia kazi hiyo kiko nje yake, ardhini au mawinguni au kwa Mwenyezi Mungu. Naipinga fikra hiyo yote, mguu na kichwa. Rubani analipwa ili aamue kama atatua. Ndege nyingi zilizopitiliza njia zilipitiliza kwa sababu uamuzi huo haukufanywa, au ulifanywa na mtu mmoja katika chumba cha marubani akapuuzwa na mwenzake, dakika moja kabla matairi hayajagusa lami.

Tuanze na urefu wa njia, maana ndiyo hoja inayopendwa zaidi na wanasiasa. Kila mita inayoongezwa ina zabuni yake na jiwe lake la msingi. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea uwanja wa Kilimanjaro ilitua kwa makosa katika uwanja mdogo wa Arusha, ambao wakati huo njia yake ilikuwa na mita 1,600 na ushei. Ule ni uwanja wa vindege vya watalii wanaokwenda Serengeti, na si mahali pa kuleta ndege ya safari za kimataifa. Dude lile likasimama. Lilikwama kwenye majani mwishoni mwa njia, abiria wakashuka wazima, na kilichobaki kilikuwa aibu na kazi ya kuliondoa.

Sasa linganisha. Toronto, tarehe 2 Agosti 2005, Airbus A340 ya Air France ilikuwa na njia ya mita 2,740 mbele yake. Ilizimaliza zote, ikatoka mwisho wa njia ikiwa bado na kasi ya noti 80 hivi, ikaingia korongoni na kuteketea; kwamba watu wote 309 walitoka hai ni sifa ya wahudumu wa ndani ya ndege. Kingston, Jamaica, tarehe 22 Desemba 2009, Boeing 737 ya American Airlines ilikuwa na zaidi ya mita 2,700, ikaishia ufukweni imevunjika. Kozhikode, kusini mwa India, tarehe 7 Agosti 2020, 737 ya Air India Express ilikuwa na mita 2,700, na watu 21 wakafa. Kwa hiyo ndege kubwa ilisimama Arusha ndani ya mita 1,600, na ndege iliyo ndogo kuliko hiyo ikashindwa kusimama ndani ya 2,700. Anayetaka kuendelea kulaumu urefu atueleze hapo.

Jibu liko mahali matairi yalipogusa. Toronto yaligusa kama mita 1,160 ndani ya njia. Kingston yaligusa mita 1,200 na zaidi kutoka mwanzo wa njia, tena kwa upepo wa nyuma wa noti 14, yaani kilomita kama 26 kwa saa zinazoisukuma ndege mbele wakati inapotakiwa kupunguza mwendo. Kozhikode yaligusa mita 1,350, nusu ya njia ikiwa imeshapita chini ya mabawa bila kutumika, na huko nako upepo ulikuwa ukitoka nyuma. Ndege inayokaribia kutua kwa noti 140 inakula mita 72 kila sekunde. Ongeza njia kwa mita 300, lipa fidia kwa wenye mashamba, chonga kilima, mwaga lami, alika mgeni rasmi akate utepe. Rubani anayeielea njia kwa sekunde nne na kidogo tu amekwisha kuitumia nyongeza yote hiyo. Na ukiizidisha kasi kwa asilimia 10, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza inazidi kwa asilimia 21, kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Hayo ni mahesabu ya kidato cha nne, wala hayahitaji tume.

Wanaosema njia ni fupi wanasahau pia kwamba sheria imeshaweka akiba. Ndege ya jeti ya abiria haipangiwi safari ya kwenda uwanja fulani isipokuwa mahesabu yameonyesha itaweza kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia iliyopo, na njia ikitarajiwa kuwa na maji huongezwa asilimia 15 juu ya urefu huo. Akiba ipo, na ni kubwa. Inaliwa angani, na wanaoila ni watu wawili waliofunzwa kuilinda.

Sisemi viwanja visiboreshwe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapendekeza eneo la usalama la mita 240 baada ya ukanda wa njia, na viwanja vingi havina. Marekani wameweka sakafu za saruji nyepesi inayovunjika chini ya matairi na kuikamata ndege iliyopitiliza, na zimeokoa watu. Kule Muan, Korea Kusini, tarehe 29 Desemba 2024, watu 179 walikufa ndege ilipoteleza kwa tumbo hadi kwenye tuta la zege ambalo halikupaswa kuwapo pale. Anayejenga tuta kama hilo anastahili kuulizwa maswali makali. Lakini hayo yote ni matibabu ya ndege iliyokwisha kutoka njiani, na mimi nazungumzia jinsi inavyofika huko.

Kila shirika linaloheshimika lina masharti ya kutua yaliyoandikwa. Ndege ikifika futi 1,000 juu ya uwanja kukiwa na mawingu, au futi 500 anga ikiwa wazi, iwe imetulia: magurudumu yameshuka, mabawa yamepangwa kwa kutua, kasi haijazidi ile iliyokusudiwa kwa zaidi ya noti 20, inashuka kwa kiwango kisichozidi futi 1,000 kwa dakika, na orodha ya ukaguzi imesomwa ikaisha. Sharti moja likikosekana, ghairi, panda, zunguka, uje upya. Hakuna mjadala katika maandishi hayo. Maandishi yako wazi kuliko katiba ya klabu ya mpira.

Na yanafuatwa kwa kiasi gani? Flight Safety Foundation, taasisi ya kimataifa inayochunguza mambo haya kwa miaka mingi, imeonyesha kwamba katika kila ndege 100 zinazokuja kutua bila kutimiza masharti, zinazoghairi ni kama 3. Zile 97 zinaendelea. Sidhani kuna kanuni nyingine ya usalama, katika kazi yoyote inayojiita ya kitaalamu, inayovunjwa kwa kiwango hicho huku wakubwa wa kazi wakijua.

Hapa ndipo mpinzani wangu mwenye akili anapoingia, na hoja yake si ya kupuuzwa. Anasema: hizo 97 karibu zote zinatua salama. Rubani mwenye saa 10,000 angani anaijua ndege yake kuliko aliyeandika kitabu ofisini. Akiona kasi imezidi kidogo na njia ni kavu na ndefu, anajua itasimama, na inasimama. Kwa nini apoteze mafuta na muda kwa kuitii karatasi?

Ubaya wa hoja hii ni kwamba ina ushahidi, na ushahidi wake huongezeka kila siku. Kila aliyetua vibaya akapona amejifunza kwamba inawezekana. Mwezi ujao anakuja na kasi iliyozidi kidogo tena, au juu kidogo tena, na inawezekana tena. Diane Vaughan, mwanasosholojia wa Marekani aliyechunguza kilichosababisha chombo cha Challenger kulipuka mwaka 1986, alieleza jinsi wahandisi wazuri walivyozoea hitilafu hatua kwa hatua mpaka hitilafu ikawa ndiyo kawaida. Hakuna aliyeamua kuvunja kanuni, walizoea tu. Rubani wa zile 97 yuko katika shule hiyo hiyo. Kisha siku moja kasi iliyozidi inakutana na upepo wa nyuma, upepo wa nyuma unakutana na maji juu ya lami, na yale ambayo kila moja peke yake lilivumilika yanajumlishwa. Lami haijui kwamba wewe una saa 10,000.

Tuna methali inayoieleza hali hii vizuri kuliko kitabu chochote cha urubani: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tunaisema kwa kusifu uthabiti. Wachunguzi wa Kanada walioandika juu ya ajali ya Toronto waligundua kwamba ndege ilipokaribia mwanzo wa njia, marubani walikuwa wamejifunga na kutua. Waliamini kwamba nafasi ya kughairi haipo tena. Ilikuwepo. Injini nne zilikuwa nzima, anga ya kupandia ilikuwepo, na kanuni iliwaruhusu. Mvua ya radi ilikuwa imeziba uwanja, upepo ulikuwa umebadilika, ndege ilivuka mwanzo wa njia ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, na kila sekunde iliyopita ilikuwa ikiwapa sababu mpya ya kuondoka. Lakini nguo walishavua. Methali hiyo ni nzuri kwa mtu aliyeanza kujenga nyumba. Kwa rubani ni sumu, kwa sababu maji yake anaweza kutooga hadi sekunde ya mwisho kabisa.

Tena kinachomsukuma hakiko ndani yake peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa MIT huko Marekani waliangalia ndege zilizokuwa zikija kutua Dallas/Fort Worth wakati wa mvua za radi, wakakuta kwamba theluthi mbili ya zile zilizokutana na radi ziliingia ndani yake badala ya kukwepa. Zilikuwa na uelekeo zaidi wa kuingia zikiwa zimechelewa, zikiwa nyuma ya ndege nyingine iliyotangulia kupita, na giza likiwa limeingia. Tazama sababu hizo. Hakuna hata moja inayohusu radi yenyewe. Radi ni ile ile kwa aliyewahi na kwa aliyechelewa. Tarehe 1 Juni 1999, MD-82 ya American Airlines ilikuwa ikishindana na radi kufika Little Rock usiku, marubani wamechoka baada ya siku ndefu. Ikapitiliza njia, na watu 11 wakafa, kapteni akiwa mmojawao. Katika pilikapilika zile hawakuvitega hata vibao vya juu ya mabawa vinavyoizuia ndege isielee ikishagusa chini.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi ni kile cha wenzi wanaosema na hawasikilizwi. Yogyakarta, Indonesia, tarehe 7 Machi 2007. Kapteni wa 737 ya Garuda anakuja kwa kasi ya kutisha. King'ora cha kuonya ukaribu wa ardhi kinalia mara 15. Rubani msaidizi anamwambia aghairi. Kapteni anaipiga ndege chini kwa zaidi ya kilomita 400 kwa saa; inapitiliza na kuwaka, na watu 21 wanakufa. Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010. Kapteni wa ndege iliyotoka Dubai amelala sehemu kubwa ya safari, sauti ya kukoroma iko kwenye kinasa sauti. Anaamka, anajikuta juu mno, anashuka kwa pupa. Rubani msaidizi anasema mara tatu kwamba wapande. Matairi yanagusa zaidi ya mita 1,500 ndani ya njia ya mita 2,450. Kati ya watu 166, wanapona 8. Kozhikode tena, miaka kumi baadaye, shirika lile lile: rubani msaidizi anajaribu kumshtua mkubwa wake, kisha anatamka waghairi, matairi hayajagusa bado. Kapteni anaendelea. Kapteni huyo alikuwa ameshaghairi mara moja dakika chache kabla, akaja tena upande wa pili wa njia. Na wachunguzi wakaandika kwamba alikuwa na hamu isiyo mahali pake ya kulala Kozhikode ili aifanye safari ya asubuhi ya kesho yake.

Katika visa vyote vitatu aliyekuwa mdogo kwa cheo ndiye aliyekuwa sahihi, na alisema kwa wakati. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini sauti yake haikupita. Tumelelewa hivyo: mkubwa hakatizwi, mkubwa akikosea unanyamaza ukasema baadaye pembeni, kwa adabu. Ni malezi mazuri sebuleni. Lakini wasitokee watu wa kusema ni ugonjwa wa Waasia na Waafrika. Kwa Wafaransa wawili wa Toronto na Wamarekani wawili wa Little Rock halikusikika neno la kughairi. Cheo ni cheo kila mahali. Mashirika mengi leo yameandika kwamba yeyote kati ya wawili akitamka neno la kughairi, mwenzake anatii kwanza, maswali baadaye ardhini. Ni kanuni bora kuliko zote katika chumba kile, na ndiyo ambayo cheo huifuta kwa urahisi zaidi.

Na cheo kikiwa nyuma, kwenye kiti cha heshima? Agosti 2008, wakati wa vita vya Georgia, Rais Lech Kaczyński wa Poland alitaka ndege yake ishuke Tbilisi. Rubani wa jeshi aliyekuwa akiirusha alikataa, akaona si salama, akaipeleka ndege Ganja nchini Azerbaijan, na rais akaendelea kwa gari. Hasira zikawaka. Mbunge wa chama cha rais akataka rubani achunguzwe kwa kukaidi. Wengine wakamwita mwoga. Waziri wa Ulinzi, kwa kuwa hakukosekana mtu wa akili, akampa nishani. Lakini kila rubani wa kikosi kile aliona kilichompata mwenzao. Tarehe 10 Aprili 2010 ndege ya kikosi hicho ilishuka kwenye ukungu wa Smolensk, Urusi, ikapita kimo cha chini kinachoruhusiwa bila kuuona uwanja, ikagonga miti. Walikufa watu wote 96, rais akiwa miongoni mwao. Aliyeketi kiti cha kapteni siku hiyo ndiye aliyekuwa rubani msaidizi katika ndege iliyokwenda Ganja. Ripoti za Warusi na Wapoland zinabishana mpaka leo juu ya nani alimshinikiza nani asubuhi ile. Kwangu ubishi huo ni mdogo. Shinikizo lilikuwa limeshawekwa miezi 20 kabla, hadharani, siku rubani aliyefanya kazi yake sawasawa alipoitwa mwoga.

Ninawakumbuka hapa waandishi wetu wa habari wanaoandika kwamba mheshimiwa fulani "amekwama" kwa sababu rubani hakutua, huku wananchi wakisubiri na ngoma. Mnajua mnamwandikia nani? Hamumwandikii mheshimiwa. Mnamwandikia rubani wa wiki ijayo.

Sasa niseme lile ambalo wanaotetea kughairi kwa moyo wote mara nyingi wanaliruka. Kughairi nako kumeua. Bahrain, tarehe 23 Agosti 2000, Airbus ya Gulf Air iliyokuja kwa kasi mno ilizunguka chini chini, ikaamua kupanda, kisha ikajichovya baharini gizani. Watu 143, hakuna aliyepona. Kazan, Urusi, Novemba 2013, watu 50. Rostov-on-Don, Machi 2016, ndege ya Flydubai, watu 62. Flight Safety Foundation wenyewe wanakiri kwamba karibu kughairi kumoja kati ya kumi huja na hatari fulani. Mpinzani atafurahi: unaona? Bora kutua.

Nasoma visa hivyo kinyume chake. Rubani wa safari fupi huenda akaghairi mara moja au mbili kwa mwaka, wa safari ndefu akakaa miaka bila kughairi. Anafanya mazoezi yake kwenye mashine ya kuigiza ndege, mara nyingi injini moja ikiwa imezimwa, kwenye kimo anachokijua, akiwa anasubiri. Siku ya kweli inakuja na injini zote mbili zikiwa na nguvu kamili, ndege nyepesi kwa sababu mafuta yamekwisha kupungua, usiku, juu ya bahari isiyo na taa. Ndege inaruka mbele kama iliyosukumwa. Sikio la ndani linadanganywa na msukumo ule na kumwambia mtu kwamba pua imepanda kupita kiasi, inakaribia kupinduka. Naye anaisukuma chini, kwenye maji. Wachunguzi wa Ufaransa waliandika utafiti mzima kuhusu hali hii mwaka 2013. Dawa yake inajulikana: kufanya mazoezi ya kughairi kama kunavyotokea kweli, ghafla, injini zote zikiwaka, na kuongeza nguvu kwa kiasi pale isipohitajika yote. Kitendo kinachofanywa mara chache na kwa mshtuko ni lazima kiwe hatari. Ukikifanya kiwe cha aibu juu yake, kitafanywa mara chache zaidi na kwa mshtuko mkubwa zaidi.

Vilevile kuna tofauti ya kughairi na kughairi. Mangalore kapteni mwishowe alijaribu kupaa, baada ya kuamuru injini zivute nyuma. Hapo uamuzi ulikuwa umeshageuka kuwa kifo. Karachi, tarehe 22 Mei 2020, Airbus ya PIA, shirika la Pakistan, ilishuka ikiwa juu mno, mwongoza ndege akawashauri wazunguke, wakaendelea. Wakagusa njia kwa injini badala ya magurudumu, ndipo wakapaa na injini zilizokwanguliwa, zikazimika juu ya nyumba za watu. Abiria wote isipokuwa wawili walikufa. Dubai, tarehe 3 Agosti 2016, kapteni wa Boeing 777 ya Emirates aliona kwamba anatua mbali mno akaamua sawasawa kupaa. Lakini matairi yalikuwa yameshagusa, na yakigusa, kitufe cha kuamuru nguvu za kupaa hujizima chenyewe. Injini zikabaki zikihema. Mikono ya injini haikusukumwa mpaka sekunde za mwisho, magurudumu yalikuwa yakikunjwa, na ndege ikaanguka kwa tumbo. Watu 300 walitoka wote hai, zimamoto mmoja akafa akizima moto. Mangalore na Karachi sababu ya kuondoka ilikuwepo futi mamia juu ya ardhi, kwa utulivu, na ikasogezwa mpaka ikafika lami.

Abiria nao wana sehemu yao, na sitawaacha. Hoja ya mafuta niliisikia tena juzi tu kwa watu wenye shahada: kwamba rubani aliyezunguka alikuwa akicheza na mafuta ya abiria. Ndege hairuhusiwi kuondoka bila mafuta ya kufika iendako, ya kwenda uwanja mbadala, na juu ya hayo akiba ya dakika 30 za kuzunguka kwa ndege za jeti. Mzunguko mmoja umeshalipiwa ndani ya tiketi yako. Pwani yetu hakuna aliyewahi kumzomea nahodha wa jahazi aliyefika mlangoni mwa bandari wakati kusi imechachamaa, akageuza tanga kungoja maji yatulie. Tulimwita mjuzi wa bahari. Nahodha wa angani anafanya lile lile, tena na roho mia mbili nyuma yake, na sisi tunatoa simu kumrekodi kwa hasira.

Mashirika yetu yanaweza kulimaliza nusu ya tatizo kwa kumruhusu kapteni azungumze. Dakika mbili baada ya kupanda, ndege ikishatulia, sauti tulivu: tulikuwa tukienda kwa kasi zaidi ya nilivyotaka, nimeamua kuzunguka, tutakuwa chini baada ya dakika kumi na tano. Baadhi hufanya hivyo. Wengi hunyamaza, abiria wanabaki na mawazo yao, na mawazo yao ndiyo yanayokwenda gazetini. Nusu ya pili iko kwa wasimamizi wa marubani. Wakimwita ofisini aliyeghairi na kumwandikia barua, huku yule wa zile 97 akiachwa apite kwa sababu ndege yake ilisimama, wasishangae siku itakaposhindwa kusimama.

Na itakaposhindwa, kapteni atasema mvua, waziri atasema uwanja, na mhandisi atakuja na ramani ya njia ndefu zaidi. Naomba mwandishi mmoja tu, mkutano wa kwanza na waandishi, ainue mkono aulize mambo matatu: ndege ilivuka mwanzo wa njia kwa kasi gani, matairi yaligusa mita ya ngapi, na katika wale wawili waliokuwa mbele, kuna aliyesema wapande?